Mzee Cheche na Kidude cha Rangi

Mzee Cheche alirudi kutoka kunyoa nywele akakuta mlango wa karakana yake umetiwa kufuli jipya, na kufuli lenyewe si lake. Alilishika, akalitikisa, akalipima uzito kiganjani. Lilikuwa la bati jepesi, la aina ambayo yeye angeona haya kulitundika hata kwenye banda la kuku. Kufuli lake mwenyewe, lile zito la miaka yote, lilikuwa limewekwa chini kando ya ukuta, likiwa wazi.

"Mama watoto!" aliita. "Nani kafunga hapa?"

Mkewe alikuwa ameinamia karai la vyombo uani. Hakuinua kichwa. "Mwanao."

"Yupi?"

"Kwani unao wa kiume wangapi?"

Wa kiume alikuwa mmoja tu, ofisa wa bima, mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka na kufikiria ajali ambazo bado hazijatokea. Alikuja asubuhi baba yake alipotoka tu, akafunga, akanywa chai, akaenda zake na ufunguo mfukoni.

Nasema mapema ili tusidanganyane: katika habari hii mimi siko katikati. Niko upande wa mzee, na nikisimulia kwa ukali mtaniwia radhi, maana alilofanyiwa mpaka leo linanikera.

Jina la Cheche alipewa kiwandani. Aliingia pale kijana wa kufagia vyuma chakavu, akaja kuwa mchomeleaji wa mabomba ya mvuke, kazi ambayo ukiacha tundu la kupita sindano, bomba linapasuka na mtu anababuka uso. Alichomelea akiwa amelala chali chini ya bomba, matone ya moto yakimwingia kwenye ukosi wa shati, na mkono hautikisiki. Shingo yake hadi leo ina madoa. Lakini jina halikutokana na moto wa mashine peke yake. Cheche alikuwa na hasira za karibu. Ukimwita mara mbili anawaka, spana ikipotea kiwanda kizima kinajua. Kisha anashuka, kama maziwa yaliyoondolewa jikoni, na wa kwanza kucheka ni yeye. Mkewe alimzoea tangu uchumba. Watoto walikua wakimsikia anafoka, wakajua kelele zake hazimuumi mtu.

Alipostaafu alijijengea karakana nyuma ya nyumba, akawa anatengeneza mageti, nondo za madirisha na stendi za matangi ya maji. Sebuleni alikuwa baba aliyestaafu, wa kuulizwa kila saa kama ameshakula. Karakanani alikuwa fundi. Watu walimjia na vipimo vyao kwenye karatasi, wakamsikiliza, wakamwogopa kidogo, wakarudi tena. Pale ndipo alipojiona bado ni mtu.

Halafu ikatokea siku ya mtungi. Alikwenda kula chakula cha mchana akaacha koki ya mtungi wa gesi haijafungwa, na mlango kaurudishia. Mwanawe alifika kusalimia, akanusa harufu tangu getini, akakimbia kuifunga. Cheche hakukana. Alisema, "Nimesahau," basi, maana gesi aliijua kuliko wote waliokuwa pale. Siku hiyo hakufoka hata kidogo. Bora angefoka, wangejua ni yeye.

Kumbe kimya kile watoto walikisoma walivyotaka. Walikaa kikao kwa simu, mwana wa bima na dada yake ambaye ni muuguzi katika hospitali ya mji mwingine, mama yao akiwa katikati akiitikia "ehe" na "sijui". Mwana alikuwa na ushahidi wake. Baba anasahau. Baba anawaka bila sababu. Juzi kamwita kwa jina la marehemu baba yake mdogo. Jamani, ni mzazi gani duniani hajawahi kuita majina ya nyumba nzima kabla hajalipata la mtoto aliyesimama mbele yake? Lakini ofisa akishapata hesabu yake, haachi.

Binti ndiye aliyesema neno ambalo baadaye alitamani alimeze. Alisema, "Kaka, tusikimbilie kumfungia. Tumpe kitu kipya ajifunze, tuone kichwa kinashika au hakishiki." Hakuwa na nia mbaya. Katika wodi yake wazee hupewa vitu vya kuchezea ili vidole na akili visilale, na kimojawapo ni kile kimchemraba cha rangi, chenye vipande vinavyozunguka, ambacho ukikivuruga unatakiwa ukipange tena mpaka kila upande uwe na rangi moja. Alikituma kwa basi. Mwana wa bima akakipokea, akafunga karakana kwanza, ndipo akakigeuza sheria.

"Baba," alisema akikiweka mezani, mbele ya mama yake, "hiki ni kama mazoezi. Ukishakipanga chote, mimi mwenyewe nafungua karakana. Tunakutakia mema."

Cheche alikitazama kile kidude, akamtazama mwanawe. "Umenifungia mlango ili nicheze?"

"Si kucheza, Mzee. Ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani? Toka! Toka hapa kabla sijakuvunjia hicho kiti ulichokalia!"

Ofisa alisimama taratibu, akamtazama mama yake kwa lile jicho la kusema umeona mwenyewe. Na mama akainamisha kichwa. Jicho hilo Cheche aliliona, na ndilo lililomnyamazisha.

Kukata kufuli lile kwake kulikuwa kazi nyepesi kama kupiga chafya. Kweli, mashine ya kukatia ilikuwa ndani ya hiyohiyo karakana iliyofungwa, lakini angeazima ya fundi wa mtaa wa pili. Alikwisha kuvaa viatu aende. Akafika getini, akasimama. Akikata, watasema mmeona, kachanganyikiwa kweli. Akipiga kelele, watasema mmeona. Akikataa kidude, ndiyo hivyohivyo. Maisha yake yote hasira zake ziliitwa hasira, sasa zimegeuzwa ugonjwa, na kadiri alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kuumwa. Alivua viatu. Akarudi mezani akakaa na kile kidude, meno yameumana.

Mwanzoni alikivamia kwa nguvu kama kila mtu anayeanza. Baada ya siku kadhaa za kukisokota alipata upande mweupe wote, akampelekea mkewe jikoni kifua mbele. Jioni binti alipopiga simu, mkewe alimshikia baba watoto simu sikioni, maana mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.

"Nimemaliza weupe," alisema Cheche.

"Hongera baba! Na pembeni, rangi zinalingana na zile za katikati?"

Aligeuza, akatazama. Pembeni palikuwa kama soko la mitumba. "Hazilingani."

"Basi bado hujaanza, baba."

Kidude kiliruka kikaangukia kwenye karai la vyombo. Mkewe alikitoa, akakifuta kwa kanga, akakirudisha mezani.

Hata hivyo binti alijua kufundisha. Alimwambia kipande cha katikati hakihami hata uzungushe vipi. Chenyewe ndicho kinachosema upande huu ni wa nani, vingine vyote vinakifuata. Hilo lilimwingia Cheche. Fundi anapenda kuwa na kitu kimoja kilichosimama. Alianza upya, akajenga msalaba mweupe huku akilinganisha kila ncha na katikati yake, na msalaba ukatoka. Akageuza weupe ukawa chini, tayari kwa kona. Na hapo kwenye kona ndipo mambo yalipokwama.

"Baba, hapa sitasema kulia na kushoto, utachanganya na upande wenyewe," binti alieleza kwa simu. "Chukulia kila upande ni uso wa saa, unautazama kwa mbele, na mshale uko juu kabisa. Sawa?"

"Sawa."

"Kona iliyokaa vibaya iweke mbele, mkono wa kulia, chini. Sasa upande wa kulia uzungushe, mshale uende saa tisa. Wa juu, saa tisa. Halafu wa kulia saa tatu. Wa juu saa tatu. Unarudia hivyohivyo mpaka kona ikae."

Cheche alifanya. Kona ya mbele haikutikisika. Ya nyuma, ambayo kwa bahati ilikuwa imekaa mahali pake, ikachomoka ikapanda juu.

"Imekaa?"

"Imekaa wapi! Imebomoa ya nyuma!"

"Haiwezekani, baba. Ya nyuma haiguswi. Rudia polepole."

Akarudia polepole. Akarudia kwa haraka. Kesho yake akarudia tangu asubuhi. Kila mara ile mbovu inatulia kwenye kiti chake, na ile njema ndiyo inayofukuzwa. Alikula kiapo kwamba anafanya alivyoambiwa, neno kwa neno, na alikuwa anasema kweli.

"Nimegeuza ulivyosema!" alifoka kwenye simu.

Binti akasema kwa sauti laini, "Sawa baba. Umechoka. Pumzika, tutajaribu siku nyingine."

Sauti ile aliitambua. Ndiyo ya kumbembelezea mgonjwa ameze dawa. Cheche angevumilia kutukanwa kuliko kusemeshwa hivyo na mtoto aliyembeba mgongoni. Alimrudishia mkewe simu, akatoka nje, akasimama mbele ya lile kufuli la bati, na kama mkewe asingekuwa anamtazama angelia.

Majuma yalikwenda hivyo. Mwana wa bima alikuwa akija mwisho wa juma, anatupa jicho mezani, anasema neno moja: "Bado?" Mteja wa geti aliyekuja kuuliza kazi yake aliambiwa mzee anaumwa, na habari ikashika njia. Majirani wakaanza kumsalimia Cheche kwa sauti kubwa na polepole, utadhani kichwa kikipungua masikio nayo yanaziba. Mkewe akahamisha viberiti. Hakusema, lakini Cheche aliona rafu tupu, na akaona kila akiingia jikoni mama watoto naye anakumbuka kitu cha kufanya jikoni.

Na sasa niseme lililokuwa chini ya hasira zote hizo. Alianza kuogopa. Alikaa na kidude mkononi akajiuliza: kama naambiwa saa tisa nakwenda saa tisa, na bado haliwi, kosa liko wapi kama haliko kichwani mwangu? Labda wanaona nisichokiona. Alijaribu kukumbuka alikula nini juzi, akakumbuka, lakini akawa hana hakika kama ni juzi au siku ya kabla yake. Kabla ya kufuli asingejiuliza upuuzi kama huo.

Mwishowe mwanawe akampeleka kwa daktari. Cheche alikubali, kwa uchovu na kwa kuwa alitaka ajue. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akamuuliza siku, mwezi, akampa maneno ayashike. Yote Cheche aliyajibu kwa kifupi, uso umekunjwa. Mwanawe alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini.

"Sasa mzee wangu, nichoree saa ya ukutani," alisema daktari akimsogezea karatasi. "Weka namba zote, halafu uweke mishale. Iwe saa tisa kamili alasiri."

Cheche alichora duara kwa mkupuo mmoja, na duara la mtu aliyeishi na mabomba huwa duara kweli. Akaweka namba. Mshale mrefu akausimamisha juu. Mshale mfupi akaulaza kwenye tatu, kama ambavyo mimi na wewe tungeulaza, maana saa tisa alasiri mshale mfupi uko kwenye tatu, mkono wa kulia. Nani asiyejua?

Kalamu ikaganda juu ya karatasi.

Kulia. Saa tisa iko kulia.

Na hapa sharti nieleze mambo ya kiwandani. Mchomeleaji wa mabomba naye hutumia saa, anapotaka kusema ni wapi kwenye mzunguko wa bomba. Lakini saa ya bomba haisomwi kama saa ya nyumbani. Inasomwa namba ilivyoandikwa. Msimamizi akisema saa tatu, anataka pale palipoandikwa tatu, kulia. Akisema saa tisa, anataka palipoandikwa tisa, kushoto. Wanagenzi wote hulikosea hilo mwanzoni, wakachoma upande siko, wakatukanwa mpaka likawaingia. Likishakuingia halitoki. Kwa Cheche kitu chochote cha mviringo kinachogeuka mkononi kilikuwa na saa tisa yake kushoto, na hakuwa hata anajua kwamba anafikiri hivyo. Binti yake hajawahi kugusa bomba. Saa tisa yake ni ile ya kutoka zamu, mshale mfupi umelala kulia. Kila alipomwambia baba yake nenda kulia, baba yake alikwenda kushoto, na wote wawili walikuwa wakisema saa tisa.

"Kulia!" Cheche aliruka kutoka kwenye kiti. "Kumbe ni kulia! Mtoto yule muda wote ni kulia!"

Daktari aliweka kalamu chini, akamshika mkono kwa huruma. "Mzee wangu, ukitaka kulia, lia tu. Hapa hakuna aibu."

"Silii! Nasema kulia, upande! Saa tisa ya bomba iko kushoto, na yake iko kulia, ndiyo maana kona ya nyuma inachomoka!"

Jaribu wewe kueleza jambo hilo kwa mtu asiyejua bomba wala kidude. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana amerukwa na akili. Mwanawe aliangalia sakafu. Daktari alitabasamu, akasema mchoro uko sawa kabisa, na majibu mengine yako sawa, ila warudi baada ya muda amtazame tena.

"Umemsikia?" Cheche alisema walipokuwa garini. "Niko sawa."

"Nimesikia, Baba. Nimesikia pia umemfokea daktari habari za mabomba."

Njia nzima Cheche alitazama dirishani.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alikaa mezani, akaiweka ile kona mbovu mbele, kulia, chini, akazungusha kinyume na alivyokuwa akizungusha. Kona ikapanda, ikazunguka, ikashuka. Akarudia. Ikakaa. Ya nyuma haikuguswa. Nilitarajia, kama unavyotarajia wewe, kwamba atafurahi. Alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Majuma yote yale! Viberiti, salamu za polepole, ile "bado", ile sauti ya wodini. Yote kwa ajili ya mahali ulipolala mshale.

Alimwita mkewe ampigie binti.

"Saa tisa," alisema bila salamu. "Mshale mfupi uko wapi?"

"Baba? Uko... kulia."

"Kwenye bomba uko kushoto."

Binti akaelewa, na akacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Unacheka," alisema Cheche.

"Samahani baba, lakini jamani, sisi sote..."

"Mlango wangu umefungwa, na wewe unacheka."

Kicheko kilikatika. Siku chache baadaye aliomba likizo akaja, na pengine hilo ndilo jambo la maana alilofanya mtu yeyote katika familia ile. Alikaa na baba yake uani wakamalizia sehemu zilizobaki, tabaka la katikati na lile la manjano juu. Cheche alikasirika sana alipofundishwa kwamba ili kipande kimoja kiingie mahali pake ni lazima ukibomoe kwanza kidogo kile ulichokwisha kujenga. "Huu ni ufundi gani?" aliuliza. Lakini alifanya, alikosea, alitukana, alianza upya, mpaka vidole vikajua njia vyenyewe.

Jumapili mchana wote wanne walikuwa mezani. Cheche alimpa mwanawe kidude akivuruge. Akakivuruga sana, kwa kunuia. Kisha mzee akakipokea na kuanza, polepole, midomo ikitembea bila sauti. Ofisa alianza kwa kutazama simu yake, akaiweka chini. Kidude kilipita pabaya mara moja, Cheche akashusha pumzi, akarudi nyuma, akaendelea. Alipomaliza alikiweka katikati ya meza, rangi zote mahali pake.

"Haya!" mkewe alipiga makofi, machozi yakimlengalenga.

"Mzee bwana!" mwana alicheka. "Si nilisema ataweza?" Akatoa ufunguo mfukoni akausogeza mezani. Binti akaanza kumsimulia kaka yake kituko cha saa tisa, na cha daktari na kulia, na wote watatu wakacheka kwa raha, kama watu waliotua mzigo. Cheche aliwaacha wacheke mpaka wakatosheka.

"Na kama ningeshindwa?" aliuliza.

Mwana alinyoosha mkono kuchukua simu yake.

"Nauliza. Tuseme kichwa kimeharibika kweli. Saa tisa siijui ya bomba wala ya ukutani. Mngefanyaje? Mngeniacha nikae hapa na kidude hiki mpaka nife?"

"Baba, usiseme hivyo," alisema binti.

"Ilikuwa gesi, Baba," alisema mwana, na sauti yake haikuwa ya ofisini. "Ningechelewa kidogo tu ningekuta moshi. Ningekuta wewe na mama mmekuwa habari nyingine. Niliogopa."

Cheche alimtazama. "Koki niliisahau. Mimi mwenyewe. Ungenijia usoni ukanifokea, ningenyamaza, ungekuwa na haki. Ungesema Baba nimeogopa, tungekaa tukatafuta njia. Wewe ulingoja nitoke. Ukafunga kimyakimya, kama mwizi. Mama yako akajua, akaosha vyombo. Dada yako akajua, akanibembeleza. Nyumba nzima ilikuwa na mdomo, isipokuwa kwangu."

Mkewe alikuwa ameshika pindo la kanga. Mwana aliusogeza ufunguo karibu zaidi na mkono wa baba yake.

"Chukua, Baba. Yamekwisha."

"Sichukui. Uliyefunga, kafungue."

Na ofisa wa bima akainuka, akapita uani mbele ya mama yake na dada yake, akafungua lile kufuli la bati, akasimama kando ya mlango. Cheche aliingia bila kumtazama. Ndani palinuka chuma na vumbi.

Walidhani ameshinda, na hata yeye alidhani hivyo. Kesho yake alishinda kwenye geti la yule mteja aliyesubiri, akachomelea bawaba kwa mkono usiotikisika, mshono umelala safi. Jua likiwa bado liko juu aliamua basi inatosha. Alifunga koki ya mtungi. Akaweka sikio, kimya. Akatoka, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi, akaishika koki, ilikuwa imefungwa. Akatoka. Mguu mmoja uko nje ya kizingiti, akajiuliza alipoishika aliikaza au aliilegeza. Akarudi tena. Miaka yote ya mvuke na moto hakuwahi kukagua kazi ya mkono wake mwenyewe mara mbili. Alisimama kando ya mtungi, akahisi hasira zinapanda, na safari hii hazikuwa na mtu wa kumwangukia.

"Mama watoto," aliita. "Hebu njoo."

Mkewe alikuja akijifuta mikono. Alimwonyesha koki kwa kidevu. Mama aliinama, akaijaribu, ikakataa kwenda.

"Imefungwa," alisema.

"Una hakika?" aliuliza Mzee Cheche.